Siku ya Kura Mtoto Yuko Nyumbani, Tuzitazame Siku Nyingine

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Tarehe hiyo haihitaji kutangazwa, kwani Katiba imeshaipanga: Jumanne ya pili ya mwezi wa nane, kila mwaka wa tano. Na hapa Malindi hakuna anayeuliza tutapigia wapi. Tutapigia shuleni, kama siku zote. Kuanzia Shella na Barani hadi Ganda, Kakuyuni na Jilore, shule ya msingi ndiyo jengo la umma lililo karibu na watu, lenye vyumba vya kutosha na uwanja wa kupanga foleni. Zahanati ni ndogo, ofisi ya chifu ina chumba kimoja, na ukumbi wa kijamii ukiupata una bahati.

Kila mwaka wa kura wazazi huuliza habari ya usalama wa watoto, na kila mara hujibiwa kwa neno moja: shule zitafungwa. Likishatamkwa hilo, mjadala huzimika. Mimi naona ndipo ulipofaa kuanza. Siku ya kura yenyewe shule imejaa askari, mawakala, waangalizi na kamera, na mtoto yuko nyumbani anacheza. Kwa mtoto hiyo ndiyo siku yenye hatari ndogo kuliko zote. Hatari ziko kabla yake, baada yake, na katika zile chaguzi ndogo ambazo hakuna waziri anayesimama mbele ya vipaza sauti kuzifungia shule.

Tuanze na huko kufunga kwenyewe. Mwaka 2022 kura ilikuwa 9 Agosti. Jumatatu ya tarehe 1, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba shule zifungwe kuanzia kesho yake. Zilitarajiwa kufunguliwa tarehe 11. Ikasogezwa hadi 15, kisha hadi 18, matokeo ya urais yakisubiriwa. Kwa mzazi wa Nairobi huo ulikuwa usumbufu. Kwa mzazi wa Lamu mwenye binti katika bweni la Kilifi au Mombasa, ilikuwa kutafuta nauli ya basi na ya boti ndani ya usiku mmoja, kisha kuhesabu siku za kumrudisha bila kujua ni lini.

Na njia ipi? Anayetoka Malindi kwenda Lamu hupita Garsen, akaingia Witu, hadi Mokowe. Barabara hiyo imekuwa ikipitwa kwa msafara wa polisi kwa miaka. Januari 2020 mabasi yalishambuliwa Nyongoro na watu wakauawa. Miaka miwili baadaye, Januari ya mwaka ule ule wa uchaguzi, watu waliuawa vijijini Lamu Magharibi na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Sasa wewe uliyeko ofisini unaandika sentensi moja kwamba wanafunzi wote warudi makwao, kwa ajili ya usalama wao, na papo hapo umewapandisha mamia ya watoto katika barabara hiyo kwa siku mbili. Sisemi shule zisifungwe. Nasema mwanafunzi wa bweni aliye mbali na kwao huenda yuko salama zaidi akibaki bwenini, kama bweni lenyewe si kituo cha kura. Yafaa mwalimu mkuu aruhusiwe kupima jambo hilo kwa hali ya mahali pake, badala ya kusubiri waraka mmoja wa nchi nzima.

Lakini tuseme mpango wa uchaguzi mkuu unatosha. Kuna kura nyingine.

Jumatatu ya 7 Machi 2016 Malindi ilichagua mbunge, kiti kilipobaki wazi baada ya Dan Kazungu kuteuliwa waziri. Muhula wa kwanza ulikuwa katikati. Alhamisi ya 17 Oktoba 2019 wadi ya Ganda ikachagua mwakilishi wadi. Wanaoishi hapa hawajasahau wiki ile: siku mbili kabla ya kura, mtu mmoja alipigwa risasi akafa nyumbani kwa mmoja wa wawaniaji. Wiki hiyo hiyo watahiniwa wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wakati huo, katika shule za Ganda walikuwa wakijiandaa kwa mtihani uliobakisha chini ya wiki mbili. Kampeni zilipita na magari ya vipaza sauti mbele ya madirisha yao, mkutano ukiisha vijana wanarudi wamejazana kwenye pikipiki, na mtoto anatoka shuleni saa ile ile. Uchaguzi mdogo una kila kitu cha uchaguzi mkuu, isipokuwa likizo. Tena una ubaya wake wa ziada: vigogo wote wa siasa za nchi wanashuka kwenye wadi moja au jimbo moja kupimana nguvu, na fedha na vijana wa kukodiwa wanashuka pamoja nao.

Sheria haituzuii kufanya vizuri zaidi. Kiti cha ubunge kikiwa wazi, Spika ana siku 21 za kutoa notisi, na uchaguzi unatakiwa ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Mihula yetu ina urefu wa wiki tisa hadi kumi na nne. Kwa hiyo ndani ya siku 90 karibu kila mara utakuta likizo, au walau mapumziko ya katikati ya muhula. Anayechagua tarehe akiwa na kalenda ya shule mezani ataiona. Tuna mfano wa jirani kabisa. Jimbo la Magarini, hapo tu ukivuka Mto Sabaki, lilipiga kura ya uchaguzi mdogo 27 Novemba 2025. Shule zilikuwa zimefungwa tangu mwishoni mwa Oktoba na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ilikuwa imemalizika siku chache nyuma. Iwe ilipangwa hivyo au ilitokea tu kwa sababu tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila makamishna tangu mapema 2023 hadi Julai 2025 na chaguzi zikarundikana, matokeo kwa mtoto ni yale yale: hakuna aliyeondolewa darasani. Basi iwe kanuni, isiachiwe bahati.

Lipo pia suala la marudio ya kura ya urais, ambalo wengi wanalichukulia kama jambo lililopita na 2017. Mwaka huo Mahakama ya Juu ilibatilisha matokeo tarehe 1 Septemba, kura ikarudiwa 26 Oktoba, siku tano kabla ya KCPE. Mitihani ya vitendo ya KCSE ilikuwa imeshaanza. Walimu wale wale waliokuwa makarani wa kura ndio waliotakiwa kusimamia mitihani, na askari wale wale waliolinda masanduku ndio waliotakiwa kulinda makasha ya karatasi za mtihani. Chukua kalenda ya 2027 uhesabu mwenyewe. Kura tarehe 10 Agosti, matokeo ndani ya siku saba, kesi ifunguliwe ndani ya siku saba nyingine, uamuzi ndani ya siku 14, na mahakama ikibatilisha, kura mpya ndani ya siku 60. Ukitumia muda wote huo unaangukia siku za kwanza za Novemba. KCPE haipo tena, ila Gredi ya Sita wana KPSEA, Gredi ya Tisa wana KJSEA, na sekondari wana KCSE, yote katika miezi hiyo hiyo. Juu ya hayo, sekondari ya chini sasa iko ndani ya ua wa shule ya msingi, kwa hiyo kituo kimoja cha kura kinagusa watoto wa miaka sita na wa miaka kumi na tano kwa pamoja.

Hayo ni ya kalenda, na kalenda ni rahisi kuandikia makala. Kuna jambo ambalo wachambuzi wa siasa hawaligusi kwa sababu halina heshima ya kusemwa redioni: choo.

Sheria inaweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kila kituo. Shule yenye vyumba sita vya kura ni hadi watu 4,200 kwa siku moja, ukiacha makarani, mawakala, askari na wauza maji na mahamri wanaofuata foleni. Vyoo vya shule vimepangwa kwa hesabu nyingine kabisa: tundu moja kwa wasichana 25, tundu moja kwa wavulana 30, na hiyo ni pale shule ilipofikia kiwango, jambo ambalo shule nyingi za huku Kilifi bado zinaliota. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, hufungwa saa kumi na moja jioni, kisha kuhesabu kunakesha. Tangi la maji la shule, ambalo mwalimu mkuu hulifungia kwa kufuli ili lifike Ijumaa, linakauka kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo watu wanaendelea kutumia vyoo bila maji. Shule inapofunguliwa, vyoo vimejaa, hakuna tone la kunawia, na kumwita mwenye lori la kunyonya maji machafu ni pesa ambayo haimo kwenye bajeti yoyote. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu kila baada ya miaka mitano humwachia mwenyeji kuhara. Pwani tunakijua kipindupindu, hatuhitaji kufundishwa kinavyosambaa. Mtoto wa Gredi ya Kwanza anayeingia katika choo kama kile akatoka na kwenda moja kwa moja kula uji, huyo yuko katika hatari ambayo hakuna askari mwenye bunduki langoni anayeweza kuizuia.

Nilikwenda katika shule moja ya hapa mjini siku ya kwanza ya masomo baada ya uchaguzi uliopita. Sitaitaja, maana ningeweza kuwa nimekwenda yoyote. Madawati ya Gredi ya Pili yalikuwa yamepandishwa moja juu ya jingine barazani, kimo cha mtu mzima, bila kufungwa na kitu, na watoto wanapita chini yake wakikimbizana. Kamba ya nailoni iliyopangia foleni ilikuwa bado imefungwa, kutoka nondo za dirisha hadi kwenye mwarobaini, imekazwa sawasawa na shingo ya mtoto wa miaka saba. Ndani, vipande vya sili za masanduku vimetapakaa sakafuni, plastiki ngumu iliyokatwa kwa kisu na kubaki na ncha. Chati za herufi alizozichora mwalimu kwa mkono wake zilikuwa zimebandikwa juu yake mishale ya kuonyesha njia, na gundi ilipobanduliwa iliondoka na nusu ya embe na tembo mzima. Dirishani kilibaki kichupa cha ule wino wa kucha, kifuniko hakipo. Mvulana mmoja alikuwa ameshajipaka vidole vyote kumi na anawapigia kura wenzake kwa zamu, kila mmoja rais. Walicheka sana. Wino ule una naitreti ya fedha ndani yake. Ukiingia jichoni si mchezo.

Mwalimu wa darasa alikuwa peke yake. Alianza na kamba. Madawati alihitaji wanaume wanne, akawapata saa nne. Hadi hapo watoto arobaini na kitu walikaa chini kwenye uwanja, na wazazi wawili waliofika na ukaidi wao wakarudi na watoto wao nyumbani.

Nilimuuliza nani alimkabidhi chumba. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa. Alikuta mlango wazi.

Jambo lenyewe liko hapo. Kuna karatasi ya kila kitu katika uchaguzi wetu. Sanduku lina namba ya sili, kifaa cha KIEMS cha kumtambua mpiga kura kina saini ya aliyekipokea, Fomu 34A ya matokeo ya urais ya kituo inabandikwa mlangoni ili kila mtu aisome. Hata kura iliyoharibika inahesabiwa na kuandikwa. Darasa peke yake ndilo linalochukuliwa na kurudishwa bila mstari mmoja wa maandishi wenye kumlinda atakayelitumia kesho.

Helikopta nazo nitazitaja kwa kupita, ingawa zina kisa kirefu. Kuanzia miezi mitatu kabla ya kura, uwanja wa shule unakuwa uwanja wa ndege. Mwanasiasa anashuka na vumbi lake, mabati yananyanyuka, darasa zima linatoka mbio kumlaki bila kumsubiri mwalimu, na rubani anazunguka juu akiomba watoto wasogezwe. Hakuna mwalimu mkuu mwenye ubavu wa kumkatalia mgombea ugavana kutua. Tume inayo mamlaka ya kuwawekea wawaniaji masharti, na moja jepesi lingekuwa kwamba saa za masomo uwanja wa shule haukanyagwi.

Kuhusu walimu pia watu husahau. Mwalimu akiajiriwa kusimamia kituo, anayasoma matokeo usiku akiwa amesimama mlangoni mwa darasa lake mwenyewe, mbele ya watu wanaomjua hadi kwake. Walioshindwa wanaiweka moyoni. Wiki inayofuata anawafundisha watoto wao. Kumpeleka mwalimu akasimamie kituo cha shule nyingine, hata kama ni mwendo wa pikipiki tu kutoka kwake, kungepunguza uhasama huo, na makarani wenyewe wanalitaka.

Tukivuka kwenda Lamu hesabu inabadilika. Huko shule ni alama ya serikali mahali ambapo serikali inawindwa. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua zaidi ya watu 60, na yaliyofuata Hindi na kando ya msitu wa Boni, shule za wadi ya Basuba, kama vile Milimani, Mangai na Basuba yenyewe, zilifungwa, na watoto wa Waboni wakakaa miaka bila masomo ya kueleweka. Walimu walikataa kurudi, na baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 hakuna aliyeweza kuwalaumu. Sasa fikiria kura katika eneo kama hilo. Masanduku yanaingia na wanajeshi na yanatoka na wanajeshi. Wakishaondoka linabaki jengo, ukutani limebandikwa fomu yenye nembo ya taifa, na asubuhi yake mlinzi ni mzee mmoja mwenye tochi. Ulinzi wa uchaguzi Lamu hupangwa kwa ajili ya kura. Kama ungepangwa kwa ajili ya shule, kikosi kingekaa siku kadhaa baada ya masomo kurejea, au pale inapowezekana kura ingepigiwa kwenye hema nje ya ua wa shule kabisa. Vijiji vyenye wapiga kura mia mbili hivi havihitaji jengo, vinahitaji kivuli na meza.

Kuna wanaotuletea mfano wa Marekani, ambako mjadala huu ni mkali. Huko uchaguzi ni Jumanne ya Novemba, muhula ukiendelea, na shule nyingi ni vituo. Tangu watoto 20 na watu wazima sita walipouawa kwa risasi katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, Desemba 2012, shule zao nyingi zimejifungia kwa vitasa na orodha za wageni, na wazazi wanauliza vipi mlango uliofungwa mwaka mzima ufunguliwe kwa yeyote siku moja. Baadhi ya wilaya zao husimamisha masomo siku hiyo. Ni swali la haki kwao. Kwetu halifanani, kwa kuwa shule zetu nyingi hazina ua wala lango la kufunga, na njia ya kisimani hupita katikati ya uwanja. Tukilichukua jibu lao lilivyo tutaishia kununua vigunduzi vya chuma na kuacha choo kimejaa.

Wengine wanataka shule ziachwe kabisa na kura ihamie kwingine. Nimelitafakari na siafiki. Msikiti na kanisa vina wenyewe, na siku hiyo hatutaki mtu aone amepigia kura kwa watu wengine. Kumbi za hoteli za Malindi ni za matajiri wanaofadhili wagombea, tunajuana. Shule ndiyo ya wote. Ina ubao ambao bibi wa Kakuyuni ameuzoea tangu mjukuu wake aanze chekechea, na anajua njia yake hata macho yakiwa mazito. Kumhamisha ni kumnyima kura kwa upole.

Kwa hiyo zibaki shule, kwa masharti ya maandishi. Msimamizi wa uchaguzi wa jimbo na mwalimu mkuu watie saini kabla na baada: madawati mangapi, maji kiasi gani, vyoo vingapi na hali yake. Tume ilipe maji na unyonyaji wa vyoo, kwani ikiweza kulipia ndege ya kuleta karatasi za kura kutoka ng'ambo itaweza na lori. Iwepo siku moja kamili ya kusafisha kati ya kufungwa kwa hesabu na mtoto wa kwanza kuingia, na waliolipwa kupanga chumba walipwe pia kukipangua. Afisa wa afya wa wadi apite kabla ya kengele. Ibara ya 53 ya Katiba inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na sioni linalomhusu kuliko chumba anachokaa tangu asubuhi hadi alasiri.

Hakuna katika hayo kinachosubiri sheria mpya. Tume hukagua vituo miezi kadhaa kabla ya kura, na huandikia shule kuomba vyumba. Barua hiyo ndiyo nafasi ya bodi ya shule kujibu kwa orodha yake badala ya kuitikia tu. Bodi za Malindi na Lamu zinakutana kila muhula. Ajenda ya muhula wa kwanza wa 2027 bado haijaandikwa, na mzazi yeyote anaruhusiwa kuomba kipengele.